Neno Lililoandikwa Mbele ya Jina la Mama

Katika kundi la simu la wazazi wa shule ya binti yangu, hapa Mbinga, yuko baba mmoja aliyejipa kazi ya kutuelimisha. Kila asubuhi, kabla hata hatujasalimiana, anatutumia kitenzi kimoja kigumu cha Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mifano miwili ya kukitumia. Wengi wetu hatujibu. Mmoja wawili huweka dole gumba, basi, mjadala wa michango unaendelea. Mwezi uliopita nilikuwa dukani namkatia mteja kitenge, simu ikalia, nikachungulia. Kitenzi cha siku hiyo kilikuwa "abscond".

Nilikata kitenge upogo. Mteja akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, nikamtafutia kingine. Nimeshavuka miaka arobaini, nina duka, nina mume na watoto watatu, lakini neno lile likinikuta narudi kuwa mtoto wa darasa la sita. Siku hiyo nilifunga duka mapema. Kesho yake nikateremka ziwani kwa mama, na kabla sijasema nilikwenda kufanya nini, lazima nieleze neno hilo lilitufanya nini.

Sisi ni watu wa ziwani, upande wa Ngumbo. Milima iko nyuma yetu, maji yako mbele, na wakati ule ukitaka kwenda hospitali ulipanda mtumbwi au ulifuata ufuko kwa miguu tangu alfajiri. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu haikutukosea chochote. Kila msimu wa kahawa baba alipanda Umatengoni, huku milimani Mbinga, kwa shangazi yake kuchuma kwa kibarua, na mwaka huo alikuwa ameshaondoka mama alipoanza kukohoa. Alikohoa akikaanga mihogo, alikohoa akianika dagaa, alikohoa kanisani mpaka watu wakawa wanamwachia benchi zima. Mwishowe jirani mmoja akampakia kwenye mtumbwi wake akampeleka hospitali. Mimi na mdogo wangu Yosefu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, tukalala kwa jirani huyo.

Siku ya tano jioni mama akarudi. Alikuja kwa miguu, na kifurushi kichwani.

"Wameniruhusu," alisema, akamchukua Yosefu mgongoni kwangu na kumpa ziwa hapo hapo, kabla hajakaa sawasawa.

Nilifurahi mno. Niliona miguu yake imevimba kwa kutembea, niliona pia kwamba bado anakohoa, lakini mtoto aliyelala siku nne kwa watu na mama yake akarudi haulizi mambo ya miguu.

Barua za watu wa kijijini zilikuwa zinaachwa shuleni, nasi wanafunzi tunazisambaza. Kama wiki mbili baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini. "Edina, wewe si unapita zahanati? Mpe mganga hii." Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, bila bahasha. Nilijua kusoma barua ya mtu ni dhambi, tena ni dhambi tuliyokanywa kwa jina katika mafundisho ya kipaimara. Lakini aliyeiandika alikuwa ameikandamiza kalamu, na kwa nyuma ya karatasi niliweza kuyasoma majina mawili ya mama yangu kinyumenyume.

Nikakaa nyuma ya mwamba pale ufukoni, nikaikunjua. Palikuwa na jina la mama, jina la kijiji chetu, kisha maneno matano: Absconded before results. Please trace.

Manne niliyajua, au nilidhani nayajua. "Before" ni kabla. "Please" ni tafadhali. "Results" ni matokeo, na kwa mtoto wa darasa la sita hakuna matokeo mengine duniani isipokuwa ya mtihani. "Trace" tulikuwa tunaifanya kila Ijumaa kwenye jiografia: unapaka karatasi mafuta ya taa, unaiweka juu ya ramani ya Tanzania, unatresi mpaka. Kwa hiyo nilielewa kwamba hospitali walimpa mama mtihani, na kabla ya matokeo mama akafanya jambo fulani, na sasa mganga wetu anaombwa amchore. Kwa nini mtu achorwe? Nilijua picha moja tu ya mtu aliyechorwa ili atafutwe. Ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa mtendaji wa kata, na chini yake waliandika MWIZI.

Kila kitu kikawa kinategemea lile neno la kwanza. Nikaamua sitapeleka barua mpaka nijue maana yake.

Shule yetu ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza, imekaa kabatini kwa mwalimu wa lugha. Niliiomba wakati wa mapumziko kwa kisingizio cha kazi ya nyumbani. Ilianza na "accident". Kurasa zilizotangulia hazikuwapo. Karatasi ya kamusi ni nyembamba, na mlinzi wa shule alikuwa mvutaji, anasokota tumbaku yake mwenyewe. Tangu "A" yenyewe mpaka hapo alikuwa ameshazivuta zote. Nilimtazama yule mzee siku ile kwa chuki ambayo sijamtazama nayo mtu mwingine.

Ilibaki kumuuliza mwalimu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mwembamba kutoka mjini, aliyekuwa na kiu ya kuulizwa. Darasa letu lilikuwa halimuulizi kitu. Niliponyosha mkono na kulitamka lile neno, nikilitamka vibaya, uso wake ulimeremeta.

"Edina! Umelitoa wapi? Hilo ni neno la sekondari. Hilo ni neno la watu wa mahakamani!"

"Nimeliona kwenye gazeti, mwalimu."

Akafuta ubao wote. Akaandika kwa herufi kubwa, akalipigia mstari, akaanza kufundisha kwa moyo mweupe kabisa. Maana yake, alisema, ni kutoroka, lakini si kila kutoroka. Mbuzi akikata kamba hatumii kitenzi hiki. Ni kutoroka kwa siri kwa mtu aliyefanya jambo baya na hataki kukamatwa. Na matumizi yake ni mawili, muyashike: unaabskondi kutoka mahali, au unaabskondi na kitu. Akatoa mfano wa karani aliyeabskondi na fedha za ushirika. Akatoa mfano wa mfungwa. "Kwa hiyo ukisikia mtu ameabskondi, swali la kwanza kujiuliza ni lipi?"

Tukashika kalamu tuandike.

"Ameabskondi na nini!" akasema mwalimu, akapiga ubao kwa chaki.

Neno lile liliwapendeza wenzangu kuliko yote tuliyowahi kufundishwa. Kufikia Ijumaa lilikuwa limeshatoka darasani likaenda uwanjani. Mtu akichukua kalamu ya mwenzake, ameabskondi nayo. Golikipa akiacha goli, ameabskondi. Wadogo wa darasa la kwanza wakawa wanafukuzana wakipiga kelele, "Abskondi! Abskondi huyo!" Nami nilikuwa nimelileta mwenyewe, kwa mkono wangu. Kila nikilisikia nilihisi wanamtaja mama.

Ameabskondi na nini. Swali hilo nilienda nalo nyumbani, nikakaa nalo, likanikosesha chakula. Siku mama alipokwenda kuteka maji nilifungua kile kifurushi alichorudi nacho. Mlikuwa na khanga mbili, sabuni kipande, na bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu. Kwetu hatukuwa na bakuli la namna hiyo. Nikaligeuza. Chini palipakwa namba kwa rangi nyekundu, na herufi ambazo nilizijua, maana ndizo zilizokuwa zimeshonwa kwenye mashuka ya hospitali niliyoyaona Yosefu alipozaliwa.

Basi. Mama yangu mwenyewe, mwanachama wa umoja wa akina mama, anayebeba maua ya altareni, alikuwa mwizi wa bakuli. Jioni ile ile nilipika maharage, nikaisukuma ile barua chini ya chungu, nikaichochea mpaka ikaisha.

Sasa naandika haya naona kuchekesha kwake. Wakati ule sikucheka. Niliishi nikisikiliza. Injini ya boti ikipita nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia kama itakata kona kuja kwetu. Bwana samaki alipita na sare yake ya kaki kukagua nyavu, nikamfunika Yosefu mdomo kana kwamba yeye ndiye angetutaja. Nilimtazama mama akikonda. Nguo zake zilianza kumpwaya, usiku anatoka jasho mpaka mkeka unalowa, na mimi nikajua sababu: ni hofu. Nami nilikuwa nimekonda kwa hofu hiyo hiyo. Nilitamani nimwambie najua, tulirudishe tu lile bakuli, lakini nitamwambiaje mama yangu kwamba najua yeye ni mwizi?

Barua haikujibiwa, basi hospitali wakaja wenyewe, Jumamosi moja asubuhi. Mama alikuwa ameaga kwenda shamba la mihogo. Nilimwona kwa macho yangu akiondoka na jembe. Nilikuwa uani nageuza dagaa, Yosefu mgongoni, boti ikasimama. Akateremka nesi, mama wa makamo mwenye gauni jeupe na mkanda, na nyuma yake mwanamume mwenye suruali ya kaki. Leo najua alikuwa dereva wa boti tu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mama Edina?"

"Ndipo."

"Wewe ndiye Edina mwenyewe? Mama yupo?"

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

Nilimtazama yule wa kaki. Alikuwa anazungusha kamba mkononi. Nikasema, "Amekwenda Mbinga. Kwa baba. Kuchuma kahawa."

"Mbinga?" Nesi alishangaa. "Na ule ugonjwa wake? Amepandaje mlima ule? Anakohoa bado?"

"Hakohoi. Amepona."

"Atarudi lini?"

"Kahawa ikiisha."

Nesi alinitazama, nami nikainama kwenye dagaa. Akasogea, akamgusa Yosefu shavu kwa nyuma ya kidole. "Na huyu bwana? Hakohoi?"

"Hapana."

"Sikiliza, mwanangu. Akirudi, hata kama ni jioni, mwambie aje. Mwambie tumeshapata majibu na dawa ipo. Mwambie hatuji kwa ubaya."

Hatuji kwa ubaya. Nilidhani ndivyo wanavyosema polisi wote. Nikawaangalia mpaka boti ilipozunguka mwamba, kisha nikakaa kwenye mchanga na mtoto mgongoni. Mama alirudi baadaye kidogo na jembe, bila mihogo. Sikumwambia kitu, naye hakuniuliza. Usiku ule Yosefu alilala kifuani pake, kama siku zote, na kwa usiku mwingine zaidi ya arobaini.

Baba aliporudi msimu ulipoisha, alimkuta mama hawezi kunyanyua ndoo. Kitambaa alichokoholea kilikuwa na damu. Baba hakuuliza mtu, alimbeba kama mzigo wa kuni mpaka kwenye mtumbwi, nami nikaingia na Yosefu, na ndani ya kikapu nikawa nimelificha lile bakuli. Nilikuwa nimeamua kulirudisha na kupiga magoti.

Nesi alikuwa yule yule. Alipomaliza kumlaza mama nilimfuata kwenye varanda, nikalitoa, nikasema, "Samahani, mama alichukua hili." Akalipokea, akaligeuza, hakuelewa.

"Hili? Si tunawapa watu wabebee uji? Kaeni nalo." Kisha akanitambua. "Wewe si ndiye uliyesema mama yuko Mbinga?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ametoka Mbinga jana yake. Nikarudisha bakuli kikapuni. Nesi akatikisa kichwa akaingia wodini. Kumbe kwao "absconded" ni mgonjwa aliyeondoka bila ruhusa, na "trace" ni kumtafuta tu; ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu. Majibu yalikuwa mezani kwao tangu wiki ile mama alipoondoka, na dawa ilikuwa kabatini, bure.

Mama alimeza vidonge miezi mingi akapona. Yosefu, aliyekuwa ameshaanza kukimbia, akaacha kukimbia. Kisha akaacha kusimama. Tulidhani ni uvivu wa mtoto anayedekezwa, mpaka siku nilipokuwa namwogesha kiganja changu kikakuta kifundo katikati ya mgongo wake, kigumu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Alilazwa muda mrefu, akatibiwa, akaishi. Leo ni mwanamume mwenye kibiongo, fundi simu pale Mbamba Bay, mtani mkubwa, mwimbaji wa sauti ya nne kwayani. Daktari mmoja niliyemuuliza ukubwani alisema hakuna anayeweza kujua mtoto aliambukizwa lini. Pengine ilikuwa kabla hata mama hajakwenda hospitali. Nilimshukuru, nikatoka nje nikalia. Maana mimi nilikuwa nimeshajihesabia zile siku arobaini na kitu, na hakuna daktari wa kunipunguzia hata moja.

Hilo ndilo nililoteremka nalo ziwani mwezi uliopita. Nilimkuta mama jikoni anachagua maharage. Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote bila kupumzika: barua, kamusi, mwalimu, bakuli, nesi. Nilimwambia mimi ndiye niliyemrudisha nesi na dawa. Mimi ndiye niliyemkunja Yosefu mgongo.

Mama aliendelea kuchagua maharage. Akatupa jiwe moja, akatupa lingine.

"Nilikuwa humu," alisema.

"Humu wapi?"

"Humu jikoni. Sikufika shamba siku ile. Nilichoka njiani nikarudi kwa njia ya migombani, nikasikia boti. Nilichuchumaa pale penye kuni, nikajijaza khanga mdomoni nisikohoe." Alionyesha mahali penyewe kwa kidevu. "Nilikusikia vizuri. Uliposema niko Mbinga, nikasema Mungu asante."

Nilitazama pale penye kuni.

"Kitanda cha pili kutoka changu kilikuwa na mama wa huko Liuli," aliendelea. "Walimletea majibu asubuhi. Jioni akafa. Nikajua na yangu yako njiani. Niliogopa, Edina. Sikuiba, sikugombana na mtu. Niliogopa tu, nikapitia mlango wa jikoni lao nikaondoka."

"Lakini ulimsikia akisema dawa ipo!"

"Nilisikia."

"Na hukutoka."

"Sikutoka." Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. "Nilidhani unajua nipo. Nilidhani unanificha. Nikasema, mtoto amenificha, nitatokaje nimwaibishe? Halafu mgongo wa Yosefu ulipoanza, nikaogopa tena, kuliko mara ya kwanza."

Watu husema ukiambiwa kosa si lako unajisikia mwepesi. Mimi nilikasirika. Nilikasirika hivi kwamba masikio yaliuma. Miaka thelathini nimemvusha Yosefu barabara, nimemlipia ufundi, nimemnunulia mashati makubwa ya kuficha mgongo, kila shati ni toba, na muda wote huo mwanamke huyu alikuwa anajua. Nilitaka kumwambia neno baya na nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Nje pikipiki ikazima. "Hodi humu! Naona wageni wa mjini wamefika, kuku wote wamejificha," ilikuwa sauti ya Yosefu, anacheka mwenyewe kabla sisi hatujacheka.

Nikainuka. Nikachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni, mlango ule wa nyuma unaokwenda ziwani, nikasema ngoja nikachote maji.

"Karibu, baba," mama alimwitikia Yosefu. "Chukua kigoda ukae hapa karibu yangu, nina maneno na wewe." Kisha, bila kugeuka, akanishika upindo wa kitenge. "Na wewe weka ndoo chini. Nakwenda kulisema mara moja tu, na nataka uwepo."